Kichefuchefu cha Mbayuwayu

Nereida alikuwa amepiga magoti mbele ya choo, bomba la sinki amelifungulia maji yote ili kelele zake zisifike chumbani, na mumewe alikuwa nje ya mlango akitaka kujua kama chombo kinainamia kushoto au kulia.

"Sikuulizi kitu," Abdiel alisema kutoka upande wa pili. "Wewe usijibu. Kama ni kushoto, gonga mlango mara moja."

"Nenda kazini, Abdiel."

"Leo sina kazi mpaka jioni. Kama ni kulia, usigonge."

Nereida hakugonga, na papo hapo akajuta, maana alisikia mumewe akiguna kwa kuridhika. Alisukutua, akanawa uso, akafungua mlango. Abdiel alikuwa ameegemea ukuta wa korido na simu mkononi, macho yanamwaka.

"Umetapika tena."

"Ni yale mayai."

"Jana ulisema ni maziwa. Juzi hukula kitu kabisa."

"Basi ni tumbo langu bovu."

"Ni kiti," alisema Abdiel. "Kiti kinapinduka, na nyinyi mnaokijaribu kinawapindua matumbo. Usiseme kitu, mama. Uso wako unatosha."

Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo watu wanavyosema, lakini waliosema hivyo hawakupata kukutana na Abdiel Rosario wa Kissimmee. Mtu huyu ungempa picha ya nondo tatu zimetokeza juu ya ukuta, angekwambia ghala litakuwa na urefu gani na paa litakaa lini. Ukuta ukipakwa ile rangi ya kijani kibichi iliyofifia, alijua upande huo wageni hawatakiwi kuutazama, na kwa hiyo ndiko alikoelekeza kamera. Macho anayo, tena makali. Lakini mke wake wa ndoa, anayelala naye kitanda kimoja, alikuwa na mimba iliyokamilisha miezi mitatu, na yeye alikuwa akimsoma kama kibao cha ujenzi.

Chanzo cha yote ni ghala. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, nyuma ya ziwa la bustani ya michezo ya Palmeta, lilikuwa likijengwa ghala kubwa lisilo na dirisha hata moja. Uongozi ulikuwa umetoa sentensi moja tu, kwamba wageni wataruka juu zaidi kuliko walivyowahi kuruka, kisha ukafunga mdomo. Jina la Mbayuwayu lilikuwa la wahandisi wenyewe. Lilichungulia kwenye kibali cha ujenzi, na wapenzi wa Palmeta wakalidaka. Kwamba ni mchezo wa kuigiza kuruka, hilo kila mtu alikubali: unaketi, unafungwa mkanda, mbele yako skrini pana kuliko uwanja wa mpira, upepo unakupuliza, kiti kinatikisika, na moyo wako unaamini uko juu ya mawingu ilhali uko ghalani. Ugomvi ulikuwa juu ya kiti. Kundi la Miguu lilisema watu watapangwa kwenye benchi, benchi litainuliwa, miguu ining'inie. Kundi la Mkono lilisema watu wanne wanne watafungiwa kwenye kibanda kilichochomekwa kwenye mkono wa roboti, uwanyanyue, uwapinde, uwapindue. Watu wazima wenye watoto shuleni walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya jambo hili.

Abdiel alikuwa ndiye sauti ya Mkono. Kazi yake ya riziki ilikuwa kupiga video za harusi na za sherehe za wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano. Kazi ya moyo wake ilikuwa chaneli yake ya Palmeta, iliyofuatwa na watu wengi kuliko wakazi wa mtaa wao. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa Abdiel lisilokuwapo lilikuja siku ileile, limechorwa na mishale myekundu.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa Nereida. Alikuwa ameendesha mashua za watoto za Palmeta kwa miaka tisa, amefunga mikanda mpaka viganja vimeota sugu, ndipo akachaguliwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza wa Mbayuwayu. Kila asubuhi kabla milango ya bustani haijafunguliwa, walikuwa wanakijaribu chombo, kwanza kwa midoli mikubwa iliyojazwa maji, kisha kwa miili yao wenyewe. Alikuwa ametia saini kwamba hatasema anachokiona, si kwa mama yake wala kwa padri. Na kazi hiyo ndiyo iliyobeba bima ya nyumba nzima, kwa sababu maharusi hawampi mpiga video bima ya matibabu. Kazi ikienda, daktari naye anakwenda. Kwa mwanamke aliyewahi kupoteza mimba moja, hilo halikuwa jambo la kuchezea.

Siku alipochaguliwa, Abdiel alikuwa amemshika mikono yote miwili akaapa, "Sitatumia hata neno lako moja." Na lazima isemwe kwamba kiapo alikishika. Neno la Nereida hakuwahi kulitumia. Alitumia rangi ya uso wake, saa aliyorudi nyumbani, namna alivyoshuka kwenye gari. Ukimkaripia alisema, "Sikusikia kitu kwako. Nimeona tu. Kuona nako ni kosa?"

Mnaweza kuuliza kwa nini asimwambie mumewe ukweli, akapumzika. Mimba ya kwanza alimwambia. Alimwambia jioni, na kabla ya chakula cha usiku Abdiel alikuwa ameshakwenda kusimama mbele ya mashua za watoto na kamera yake, machozi ya furaha yanamtoka, akawatangazia watu wote waliomfuata. Wageni wasiowajua waliwaletea vijishati vyenye nembo ya Palmeta. Mimba ilipoharibika alitangaza hilo pia, akalia kwa kweli, maana si mtu wa uongo. Lakini waliotazama video ya kwanza si wote waliotazama ya pili. Miezi na miezi wenye pasi za mwaka walikuwa wakipanda mashua, wakisoma jina kwenye sare ya Nereida, wakauliza kwa bashasha, "Mtoto hajambo?" Na yeye, huku akifunga mkanda wa mtoto wa mtu, anajibu, "Hajambo." Alimchukia Abdiel kwa hilo. Alimpenda na alimchukia, na hakuwahi kumwambia lolote kati ya hayo mawili kwa ukamilifu.

Safari hii aliapa atanyamaza mpaka daktari asikilize tena mapigo ya moyo, Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kipimo kilipoonyesha kwamba anayo, mwanzoni mwa Oktoba, aliacha kukipanda chombo siku ileile, kwa kuwa sheria ya mchezo ule inawakataza wajawazito. Aliwaambia wenzake shingo inamsumbua, akaomba kukaa kwenye meza ya mitambo. Nyumbani hakusema kitu.

Jumamosi Gorman alikuja kula. Gorman alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kusambaza barua, mnene, mwenye shingo iliyoungua jua, na ndiye aliyekuwa mkuu wa kundi la Miguu. Yeye na Abdiel walitukanana mtandaoni siku tano za wiki na siku ya sita wakala pamoja. Kila asubuhi alipanda juu ya jengo la maegesho na kamera yenye mdomo mrefu kama mkono wake, akapiga picha za ghala.

Nereida alikuwa amepika wali wa mbaazi na paja la nguruwe, akiwa amefungua madirisha yote kwa sababu ya harufu. Aliketi mbali na nyama, mbele yake soda ya tangawizi na biskuti za chumvi.

"Mlango wa nyuma nimeupima kwa picha," Gorman alisema. "Huo mkono wako wa roboti utapitaje pale? Utakunjwa kama mwavuli?"

"Unaletwa vipande vipande, mzee. Hata kitanda chako hakikuingia ndani kizima."

"Kitanda changu hakipindui watu."

"Ndiyo maana mkeo alikukimbia."

Gorman alicheka mpaka akakohoa. Abdiel akaegemea mezani, akapunguza sauti ingawa Nereida alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake.

"Mimi sikuambiwa kitu. Lakini tazama viatu vya huyu. Mwaka mzima alikuwa anavaa vile vya kuchomeka. Sasa ni vya kamba, tena kamba zimelegezwa."

"Kwa hiyo miguu inaning'inia," Gorman alisema. "Asante. Umenipa ushindi mezani kwako mwenyewe."

"Ngoja. Siyo hivyo." Abdiel alifikiri kidogo tu. "Kikikupindua, damu inashuka inapanda, miguu inavimba. Ndiyo sababu kamba. Na ameomba suruali ya sare iliyo kubwa zaidi, maana mkanda wa kiti unabana tumboni. Na kila nusu saa yuko msalani. Hiyo ni safari ndefu, Gorman, hiyo si dakika nne."

"Mimi niko hapa," Nereida alisema. "Mnanizungumzia kama ghala."

"Hatukuulizi kitu, mama. Wewe kula."

"Na kahawa nimeacha. Hilo hujaliona?"

Alilisema kwa hasira, na alipolisema alitamani na kuogopa kwa pamoja kwamba ataelewa. Abdiel alipiga meza kwa kiganja. "Kahawa! Mtu aliyezungushwa hanywi kahawa. Gorman, umesikia?"

Gorman alikuwa na mabinti wanne na wajukuu wengi kiasi cha kuwachanganya majina. Uma wake ulikuwa umesimama juu ya sahani. Aliitazama soda ya tangawizi, akazitazama biskuti, kisha akamtazama Nereida usoni, akakaa hapo. Nereida alitikisa kichwa kidogo sana. Mzee akatia wali mdomoni, akatafuna polepole.

"Abdiel," alisema alipomeza, "achana na viatu vya mkeo. Nionyeshe zile picha za maputo."

Yalikuwa maputo yaliyorushwa na wahandisi ili kupima kama paa la ghala litaonekana kutoka kwenye lango, na kwa Abdiel yalikuwa na utamu wa saa nzima. Nereida alienda kujilaza kidogo. Wakati wa kuaga Nereida aliamka kumsindikiza mgeni, na Abdiel akiwa bado ndani anatafuta chaji yake, Gorman alisimama kibarazani akasema bila kumtazama, "Weka kipande cha ndimu karibu na mto, binti. Mke wangu kilimsaidia, kabla hajanikimbia."

Jioni ile, wakiosha vyombo, Nereida alijaribu. Ndimu ya Gorman ilikuwa imemlainisha.

"Abdiel, nikikuambia jambo, unaweza kukaa nalo? Wewe peke yako, mpaka Ijumaa?"

Abdiel aliacha sahani ikazama majini. Alifuta mikono upesi kwenye suruali. "La Mbayuwayu?"

"Basi," Nereida alisema. "Suuza hizo glasi."

Jumapili mchana video ilitoka. Abdiel aliipa jina *Chanzo Changu Kinatapika*. Alikaa mbele ya pazia la sebuleni, kofia ya Palmeta kichwani, akasema kwa upole wa mtu mwaminifu: "Siwezi kumtaja. Hakuniambia hata neno moja, na Mungu ni shahidi. Lakini nimeona kwa macho yangu mtu anayekipanda, na mtu huyo anatapika kila asubuhi. Benchi halitapishi mtu hivyo, ndugu zangu. Ule ni Mkono." Watu wa Mkono walishangilia. Watu wa Miguu walimwita domokaya na mzushi. Kufikia Jumatatu habari ilikuwa imefika Ohio na Ujerumani. Nereida aliitazama chooni akiwa kazini, bila sauti, akaona kwamba pazia lile nyuma ya kichwa cha mumewe ni shuka lake lililotundikwa, lile lenye maua, ambalo kila mfanyakazi mwenzake aliyewahi kuja kwao angelitambua.

Jumanne mchana aliitwa ofisini.

Bi. Pruitt, mkuu wa uendeshaji wa Mbayuwayu, alikuwa mwanamke mrefu anayevaa miwani juu ya kichwa na kuitafuta mezani. Siku hiyo hakuitafuta. Alimwonyesha Nereida kiti.

"Wanaokipanda asubuhi ni sita," alisema. "Watano hawana waume wenye chaneli."

"Sikumwambia neno, Bi. Pruitt."

"Naamini. Nimeitazama video nzima, anajivunia kabisa kwamba hukumwambia. Tatizo langu siyo hilo. Tatizo ni kwamba wakubwa nao wameitazama, na wamemwamini. Wahandisi wamekesha hapa tangu juzi usiku wakitafuta kasoro. Wamekipunguza kasi. Wamepunguza ule mwinamo wa pili, kitu kilichotuchukua miezi minne. Kwa sababu mtu mmoja na kofia yake amesema kinatapisha." Aliegemea mbele. "Sasa niambie. Kinakutapisha? Kama kinatapisha, lazima nijue. Kama hakitapishi, mumeo amelitoa wapi?"

Nereida aliona njia mbili, zote mbovu. Akisema ndiyo, wangekiharibu chombo kizuri, na yeye angebaki kuwa mfanyakazi aliyevujisha siri. Akisema hapana, bila sababu, ingeonekana uongo umetoka nyumbani kwake, na wangemtoa vilevile. Ilibaki ya tatu, ambayo haikuwa ya chumba hiki.

"Sijui kama kinatapisha," alisema. "Sikipandi tangu mwanzoni mwa Oktoba. Waulize wenzangu, nakaa kwenye mitambo."

"Waliniambia shingo inakuuma. Hawakusema hupandi."

"Siyo shingo. Wajawazito hawapandi."

Kwa wiki tatu alikuwa ameyapanga maneno yale. Angeyasema Ijumaa wakitoka kwa daktari, ndani ya gari, simu ya Abdiel ikiwa kwenye mkoba wake yeye. Alikuwa amechagua hata njia ya kurudia nyumbani. Sasa yalikuwa yamekwisha kusemwa, chini ya taa nyeupe ya ofisi, mbele ya mtu mwenye kalamu. Machozi yakamtoka. Hayakuwa ya huzuni. Angekuwa na kitu cha kuvunja angekivunja.

Mabega ya Bi. Pruitt yakaanza kutikisika. Alijizuia kwa mkono mdomoni. "Nisamehe. Nisamehe sana. Wahandisi wangu hawajalala." Akajipangusa macho, akamsogezea boksi la karatasi laini. "Mumeo hajui?"

"Hajui."

"Huyu mume anaishi wapi?"

"Kwangu."

Bi. Pruitt aliweka kalamu chini. Sauti yake iliporudi ilikuwa ya kazi. "Utabaki kwenye mitambo mpaka utakapokwenda kujifungua, na nafasi yako itakusubiri. Wahandisi nitawarudisha makwao. Lakini nisikilize, Nereida. Likitoka jambo jingine moja nyumbani kwako, la kusemwa au la kutapikwa, sitaweza kukutetea. Utaondoka, na bima itaondoka nawe. Nisingependa, katika hali hiyo."

"Nimeelewa."

Alirudi nyumbani akiendesha polepole, magari yakimpigia honi. Hakuwa anawaza la kusema. Alikuwa anawaza kwamba Bi. Pruitt amejua, na kwamba Bi. Pruitt ndiye mtu wa kwanza kumwambia, na kwamba hilo halirekebishiki tena.

Abdiel alikuwa mezani, hajavua viatu, kompyuta imefunguka na simu inawaka. "Mama, njoo uone. Magari ya wahandisi yamelala pale siku mbili! Gorman ameyapiga picha. Nimewatikisa, Nere. Nimegusa penyewe."

"Nimeitwa ofisini leo."

"Wamekuuliza nini?" Akainua mkono haraka. "Hapana, usiniambie. Geuka tu kwenye mwanga."

"Karibu nifukuzwe kazi, Abdiel."

Hilo lilimfikia. Alishusha mkono. "Lakini neno lako sikulitumia."

"Hukutumia neno langu. Umetumia matapishi yangu."

"Sikukutaja."

"Umekaa mbele ya shuka langu. Wameniambia likitoka jambo moja tena nyumbani humu, sina kazi na hatuna bima. Jambo moja. Umesikia?"

"Nimesikia." Aliinamisha kichwa, na kwa kweli alionekana kuaibika, Abdiel alikuwa na aibu nzuri, ilimpendeza. "Basi nitaifuta ile video. Nitasema nilikosea, mbele ya wote, Gorman anicheke. Lakini nisikane kitu cha kweli. Niambie mimi tu, mumeo. Kinatapisha au hakitapishi?"

"Sijui. Sikipandi."

"Hukipandi?"

"Tangu Oktoba."

"Kwa nini?"

Nereida alimtazama. Alikuwa amechoka kuchagua njia na saa. "Wajawazito hawapandi," alisema.

Abdiel aliinua uso. Kinywa kilifunguka kidogo, macho yakapanuka, na mwanga ukaanza kumwingia usoni taratibu, Nereida akauona ukiingia, na licha ya kila kitu moyo ukamruka.

"Kumbe wanazuia wajawazito," Abdiel alinong'ona. "Nere. Mchezo wa benchi hauzuii wajawazito. Hakuna popote unapozuia! Wanapanda na matumbo yao, wanashuka, wanakula aiskrimu. Wakizuia maana yake kinapindua. Ni Mkono. Mungu wangu, ni Mkono."

Na vidole gumba vyote viwili vilikuwa tayari juu ya simu.

Mwanamke mwingine angemrushia sahani. Nereida alilifikiria hilo, akakumbuka sahani zote ni za mama yake. Alihisi hasira ikipanda, ikifika shingoni, ikituama, ikawa kitu kizito na kitulivu.

"Unaandika nini?"

"Kitu kidogo. Sitataja ofisi. Sitataja mtu."

"Kisome."

"Bado sijakinyoosha."

"Kisome kwa sauti, Abdiel. Kabla hujakituma. Nina haki hiyo."

Abdiel alikohoa, akaishika simu mbali kidogo kama anavyofanya akitaka kurekodi. "'Ndugu wa Mkono na ndugu wa Miguu, ubishi umekwisha leo. Chanzo changu, yule anayetapika kila asubuhi, amethibitisha kwamba tangu Oktoba hakipandi chombo, kwa sababu wajawazito...'"

Alisimama. Alirudi nyuma.

"'Chanzo changu,'" alisoma, polepole, "'yule anayetapika kila asubuhi...'"

Friji ilikuwa ikinguruma. Kwa jirani mtu alikuwa anajaribu taa za Krismasi, zinawaka, zinazima.

"Nere," alisema Abdiel.

"Ndiyo."

"Miezi mingapi?"

"Unaingia wa nne."

"Hukuniambia."

"Nilitaka kukuambia Ijumaa, daktari akishasikiliza moyo. Sikutaka tena watu wasionijua waniulize mtoto hajambo huku nawafunga mikanda."

Abdiel alikuwa hajawahi kuambiwa habari ya mikanda. Alikaa nayo, na uso wake ulikunjamana kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani. "Nani mwingine anajua?"

"Bi. Pruitt. Ilibidi nimwambie leo mchana ili nisifukuzwe kwa ajili yako."

"Na nani?"

"Na Gorman."

"Gorman?" Hapo sauti ilimvunjika, na Nereida alishangaa kuona ni hapo na si pale kwa bosi. "Gorman umemwambia, mimi mumeo..."

"Sikumwambia."

"Sasa amejuaje?"

"Alinitazama," Nereida alisema.

Simu ililia mkononi mwa Abdiel, ikalia tena. Kundi zima la Mkono lilikuwa likisubiri. Alikuwa ameshawaahidi habari kubwa usiku ule. Maandishi yalikuwa bado pale kwenye skrini, mazuri, yanayomaliza ubishi wa mwaka mzima, yamebakiza mguso mmoja. Abdiel alianza kuja kwake mikono imefunguka, simu ingali kiganjani.

"Futa kwanza," Nereida alimwambia. "Kisha ndiyo unitazame."

Alifuta, tumpe haki yake. Lakini kabla ya kufuta kidole chake kilisita juu ya maneno yale, na Nereida, aliyekuwa anamtazama yeye wala si simu, alikuona kusita kule kote.